Majivu ya Namugongo na Bahari ya Malindi

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama na akina baba, vijana wetu, na nyinyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko mkaja kuketi nasi jioni hii, assalamu alaikum. Nimeombwa nieleze hija tuliyoifanya Namugongo, nchini Uganda, walipouawa mashahidi wa Uganda, mwezi wa Juni. Wenzangu watakaonifuata watazungumzia matayarisho, gharama na mambo ya pasi za kusafiria, kwa hiyo hayo nawaachia. Mimi nitasema jambo moja, nalo ni tofauti kati ya kungoja na kutumaini, ambayo nilifundisha Kiswahili miaka mingi bila kuijua.

Wengi wenu mnanifahamu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji huu kwa miaka 31, na baadhi ya vijana walioketi kule nyuma niliwashika mkono walipokuwa wakijifunza kuandika. Mnafahamu pia kwamba mwanangu wa pili alikuwa mvuvi, na kwamba alfajiri moja ya mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekaza, alitoka na wenzake wawili kwa ngalawa wakielekea upande wa Mayungu, na hawakurudi. Manahodha wa hapa, ambao wengi wao ni Waislamu, waliacha kazi zao kwa siku tatu wakamtafuta, na mafuta ya injini walinunua wenyewe, wala sikusikia hata mmoja akiuliza mtoto huyu ni wa dini gani. Siku ya tano ngalawa ilionekana karibu na Mambrui, imepinduka. Miili ya wenzake wawili ilipatikana mbele zaidi, mmoja baada ya mwingine. Wa mwanangu haukupatikana. Sasa ni miaka minne.

Nataka kusema wazi kungoja huko kulivyo, maana humu ndani wamo watu wanaokujua nao hawajawahi kukusema mbele ya wengine. Kwa mwaka mzima nilimpakulia chakula chake cha jioni, nikakifunika kwa kawa, na asubuhi nikakimwagia kuku. Simu ikilia kwa namba nisiyoijua, mikono ilinitetemeka kabla sijaipokea. Watu wema waliniletea habari: mmoja alisema kijana anayefanana naye ameonekana Lamu akipakua mizigo, mwingine akasema wavuvi wa Kismayu wamemwokota mtu asiyekumbuka jina lake. Lamu nilikwenda mwenyewe, nikazunguka na picha yake kutoka gatini hadi Shela, nikarudi. Nilikwenda pia katika ofisi moja kuulizia cheti cha kifo, kwa sababu ya akiba yake ndogo iliyokuwa benki na kwa sababu ya mjukuu wangu, nikajibiwa na karani ambaye hakuinua hata macho kwamba nirudi miaka saba itakapotimia. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amefariki ikiwa hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangalipaswa kumsikia, wala silalamikii sheria. Lakini niliondoka pale nikiwa nimepewa muda rasmi wa kungoja.

Na liko jambo zito zaidi. Paroko aliyekuwapo wakati ule alinieleza kwa upole kwamba Kanisa laweza kuadhimisha Misa ya maziko hata mwili usipokuwapo, nami nikamjibu kwamba akiisoma Misa hiyo atakuwa yeye ndiye aliyemuua mwanangu. Nililisema neno hilo kwa sauti, mlangoni pa kanisa, na wengine mlilisikia. Naliombea radhi hapa mbele yenu.

Tuliondoka Malindi usiku wa tarehe 30 Mei. Basi lilipofika Mazeras, pale njia ya Rabai inapochepuka, katekista wetu alishika kipaza sauti akatukumbusha kwamba historia ya mashahidi wa Uganda inapita katika ardhi yetu hii. Mwaka 1885, mwezi wa Julai, Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliondoka Rabai na msafara wa wapagazi, akafuata njia ya Umasaini kuelekea Buganda. Alipofika Busoga alikamatwa, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, pamoja na wengi wa wapagazi aliokuwa nao. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa na cheo katika nyumba ya mfalme, alimkemea Mwanga kwa damu hiyo, naye akakatwa kichwa tarehe 15 Novemba mwaka huo huo, akawa wa kwanza katika mashahidi 22 wa Kikatoliki. Nilipoisikia habari hiyo gizani ndani ya basi, niliwafikiria wale wapagazi. Walitoka pwani wakiwa na mizigo kichwani, na majina yao hayamo katika litania yoyote niliyowahi kuiimba. Bila shaka kulikuwa na watu huku kwetu waliowangojea.

Njia ilikuwa ndefu, nasi tulilala Nakuru usiku mmoja, tukavuka mpaka Busia, tukafika Namugongo jioni ya tarehe 1 Juni tukiwa tumechoka lakini salama. Namugongo si mbali na jiji la Kampala, na katika siku hizo za kuelekea sikukuu ya tarehe 3 Juni eneo lote hujaa watu kiasi kwamba hakuna mahali pa kutandika mkeka ila kando ya mkeka wa mwingine. Wako waliotembea kwa miguu mamia ya kilomita kutoka pembe zote za Uganda, na wako waliotembea kutoka Kenya na Tanzania. Jirani yangu wa mkeka alikuwa bibi aliyetembea kutoka Fort Portal, karibu kilomita 300. Hakujua Kiswahili, nami sikujua lugha yake. Alikuwa amevua viatu vya raba, nyayo zake zimepasuka kisigino hadi kidole, na alikuwa akiziosha polepole kwa maji ya chumvi aliyoyatia katika kifuniko cha sufuria. Alipomaliza alifungua jani la mgomba, akakata muhogo wa kuchemsha vipande viwili, akanipa kile kikubwa. Hakujua mimi ni nani wala nimeleta nini. Huo ndio mlo wa kwanza nilioula Namugongo, na nawaomba muukumbuke, kwa kuwa nitaurudia.

Kanisa kuu la Namugongo limejengwa kwa umbo la msonge, kama nyumba ya jadi ya Kiganda, nalo lina nguzo 22 za shaba kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki. Altare imewekwa juu ya mahali alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana waliouawa pale. Papa Paulo wa Sita, aliyewatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, alikuja mwenyewe mwaka 1969. Yohane Paulo wa Pili alikuja mwaka 1993. Na Papa Fransisko alikuja tarehe 28 Novemba 2015, akatembelea kwanza eneo la Waanglikana lililo jirani, kwa sababu wenzao 23 nao walikufa kwa imani ile ile katika mateso yale yale.

Habari yao mnaijua, lakini nataka kuisimulia kidogo kama mama. Baada ya kifo cha Balikuddembe, Lwanga alichukua kazi ya kuwaongoza vijana wahudumu wa mfalme, akawa ndiye ukuta kati yao na matakwa machafu ya Mwanga. Mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo, usiku wa kuamkia hukumu, aliwabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, akiwamo Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi. Kisha walifungwa kamba wakatembezwa hadi Namugongo, mahali palipokuwa pa kuulia watu tangu enzi za wafalme waliotangulia, wakawekwa karibu wiki nzima kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana, walizungushiwa mikeka ya matete wakachomwa moto. Miongoni mwao alikuwamo Mbaga Tuzinde, na mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa mlezi wake. Mukajanga alimsihi kijana huyo akane, au akubali tu kufichwa, naye akakataa. Mwishowe mlezi alichoweza kumfanyia ni kuamuru apigwe shingoni kwanza, asiuone moto.

Nimeisikia habari hiyo tangu nikiwa mtoto wa katekisimu, na siku zote nilimtazama Mbaga. Safari hii nilijikuta namtazama Mukajanga. Simtetei, maana mikono yake ilikuwa na damu ya wengi. Lakini jioni ile naye alirudi nyumbani akiwa amemwacha mtoto aliyemlea ndani ya majivu, asiweze kuyatenganisha na majivu ya kuni.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitazamia. Nilikwenda Namugongo nikiamini kwamba mtu akienda mahali patakatifu hupewa alichoomba, na nilichoomba kilikuwa mwili, hata mfupa mmoja, niufunike kwa udongo. Sasa nilikuwa nimesimama mahali ambapo umati ule mkubwa umekuja kwa ajili ya vijana ambao wengi wao hawana kaburi, na hakuna aliyeona kwamba kuna pungufu. Sisi Wagiriama tungelielewa hilo upesi. Babu zetu waliwasimamishia marehemu wao koma, vigingi vya ukumbusho, na wazee wa chama cha Gohu walisimamishiwa vigango, nguzo za ukumbusho zilizochongwa kwa ustadi, na familia nyingi za Kilifi bado zina kidonda kwa jinsi vigango hivyo vilivyoibwa vikauzwa ng'ambo, hata vingine vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Sisemi haya ili turudishe mila kanisani. Nasema watu wetu walijua tangu zamani kwamba aliye hai huhitaji mahali pa kusimama anapomkumbuka aliyeondoka, na kwamba mahali hapo si lazima pawe juu ya mifupa.

Siku iliyofuata nilikwenda kuungama. Siri ya maungamo inamfunga padre, hainifungi mimi, kwa hiyo naweza kuwaambia. Alikuwa padre mzee, ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara lakini kilieleweka vizuri. Nilimweleza juu ya mwanangu, nikamweleza neno nililomwambia paroko. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Mama, unamngoja wapi?" Nikamwambia, "Mlangoni pangu." Akaniambia, "Mlangoni hatapita." Hakulisema kwa ukali. Kisha akafungua Biblia yake ndogo, akatafuta kitabu cha Ufunuo, sura ya 20, aya ya 13, akanipa nisome mwenyewe: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Nilisoma nikarudia. Mimi mtoto wa Malindi, niliyekua nikisikia mawimbi kila usiku, nilikuwa sijapata kuiona aya hiyo. Imeandikwa kwamba bahari itadaiwa, na itawatoa. Malipizi aliyonipa yalikuwa mafupi: niende karibu na altare, nilitaje jina la mwanangu kwa sauti, na mbele ya jina niseme "marehemu".

Ndugu zangu, nilikaa saa nzima nikishindwa. Yule bibi wa Fort Portal alinifuata, akasimama kando yangu bila kuniuliza chochote. Kisha nililisema. Halikumuua mwanangu. Mwanangu alikuwa amekwisha kufa miaka minne, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimemzuia asihesabiwe pamoja na wafu ambao Kanisa huwaombea kila siku. Tangu hapo sijaacha kumlilia, wala sijui kama nitaacha. Ila sasa ninamtazamia siku ya ufufuko, na mlango wangu nimeufunga usiku nikalala. Nilipokuwa nikingoja, kila siku iliyopita ilinipunguzia kitu. Sasa siku zikipita haziniondolei kitu, kwa kuwa ninachokitumaini hakiko katika siku hizi.

Nawajibika sasa kulijibu swali ambalo kijana mmoja wa parokia hii aliniuliza kabla hatujasafiri, nami nikalibeba hadi Namugongo na kulirudisha. Aliniuliza, "Mwalimu, hawa waliokufa kwa ajili ya imani kule Uganda, na wale waliokufa Shakahola, tofauti yao ni nini?" Wapo waliomkemea. Mimi namshukuru, kwa sababu katika mji huu hatuwezi kuzungumza juu ya tumaini na imani bila kupitia Shakahola. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Shakahola, walikokufa watu walioaminishwa wafunge hadi kufa, mingi ikiwa ya watoto. Ililetwa hapa hapa mjini, na tuliwaona jamaa wakiketi nje ya chumba cha maiti wiki baada ya wiki wakisubiri vipimo vya vinasaba. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia zake Machi 2024. Ni watu wangapi humu wanajua kungoja mwili, kama si sisi wa Malindi?

Tofauti ni kubwa, nami nitaitaja bila kuzunguka. Lwanga hakumpeleka mtu yeyote kwenye kifo. Kifo kililetwa na mfalme, na Lwanga alikaa kati ya mfalme na watoto hadi mwisho. Kule msituni, watu wazima walioaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Yesu waliwanyima chakula watoto wao wenyewe. Shahidi hatafuti kifo. Anakataa tu kumwacha Bwana wake ili aepuke kifo. Na mfungo wa Kanisa, hata siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, unamhusu mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajaanza mwaka wake wa 60, wala haumgusi mgonjwa, na hata aliye na afya anaruhusiwa mlo mmoja kamili. Mtoto haguswi kabisa. Mtu akikuambia Mungu anataka mwanao akae na njaa, huyo hakutumwa na Mungu, hata kama ameshika Biblia. Kule Namugongo, kitu cha kwanza nilichopewa kilikuwa muhogo.

Lakini naongeza hili, na nawaomba mnivumilie. Walioingia msituni walikuwa wakitafuta tumaini, na kulitafuta halikuwa kosa lao. Walikuwa wamechoka, wengine wamefiwa, wengine hawana kazi, wengine wamekata tamaa na dunia nzima. Kama mtu angekuja kwangu katika mwaka ule wa kawa na sahani, akaniahidi kwamba nitamwona mwanangu baada ya siku kadhaa nikifanya hivi na hivi, sina hakika ningekataa. Nilimlipa mganga mmoja pesa nyingi kwa ahadi ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo jumuiya zetu zisimwache aliyefiwa akae peke yake na kungoja kwake, kisha tukashangaa akifuata sauti nyingine.

Si kila mtu atapata nauli ya kwenda Namugongo, wala si lazima. Hapa kando ya bahari yetu kiko kikanisa cha Wareno, chenye paa la makuti na makaburi pembeni, ambacho wengi wetu tunakipita bila kugeuza shingo, tukiwaachia watalii. Mapokeo yanakihusisha na Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye mwaka 1542, akiwa safarini kutoka Ureno kwenda Goa, alishuka Malindi. Mmoja wa watu waliokuwa melini alikuwa amefariki, akazikwa katika mji huu. Katika barua aliyoiandika kutoka Goa mwezi wa Septemba mwaka huo, Ksaveri anaeleza kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na namna Wakristo wanavyowazika wafu wao. Marehemu huyo jina lake halikuandikwa. Kule Ureno alikuwapo mama, au mke, ambaye hakupata kuliona kaburi hilo, na watu waliosimama kumtazama akizikwa walikuwa wazee wa wazee wetu sisi wa hapa.

Kwa sababu hiyo, kwa idhini ya Baba Paroko, natangaza yafuatayo. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, asubuhi tutakwenda pamoja kubariki makaburi kama desturi. Alasiri, saa 10, sisi tusio na kaburi la kubariki tutakutana kwenye kikanisa kile, tukipewa ruhusa ambayo tumekwisha kuiomba, na Misa itasomwa kwa ajili ya waliopotea baharini, waliozikwa mahali tusipopajua, na wale wa Shakahola ambao hawajatambuliwa. Ndiyo itakayokuwa Misa ya maziko ya mwanangu. Majirani zetu Waislamu waliopotelewa na watu wao wanakaribishwa kuketi nasi na kuomba dua yao kwa namna yao, na manahodha watatu kati ya wale walionitafutia mwanangu nimewaomba wasimame karibu nami, nao wamekubali.

Kila mmoja aje na jina moja lililoandikwa. Karatasi na kalamu ziko juu ya meza ile karibu na mlango, kwa anayetaka kuandika usiku huu. La mwanangu nimekwisha kuliandika, na mbele yake nimeandika "marehemu".